Wakala ni wa Nani? Tahakiki ya Programu Zinazojifunza Kutuhudumia Nyumbani

Utangulizi

Katika somo la tafsiri mwaka jana tulipewa orodha ya istilahi za kompyuta tuzitafutie visawe vya Kiswahili. Nyingi zilitutoa jasho. Lakini tulipofika kwenye ile inayotaja programu inayojifunza tabia za mtu na kutenda mambo kwa niaba yake, hatukuchukua hata dakika mbili. Mwenzetu mmoja alisema "wakala", darasa likakubali, tukaendelea na neno linalofuata. Makala hii imetokana na wasiwasi nilioondoka nao siku ile, kwamba tuliharakisha.

Wasiwasi wangu ulianzia kwenye sarufi. Tukiiita programu, tunasema "inazima taa". Tukiiita wakala, tunasema "anazima taa". Kwa kubadili ngeli tu tumeipa mashine utu, na pamoja na utu tumeipa wajibu, kwa sababu anayetenda anaweza kuulizwa kwa nini ametenda. Je, programu hizi zinaulizika?

Ninahakiki hapa kazi tatu zilizosaidia kujenga wazo la nyumba inayomhudumia kila mtu kwa kadiri ya matakwa yake: makala ya Mark Weiser ya mwaka 1991, makala ya Pattie Maes ya mwaka 1994, na nyumba ya majaribio ya Michael Mozer ya miaka ya 1990. Kipimo changu ni neno lenyewe. Ninauliza kama kinachoelezwa humo ni wakala kwa maana ambayo msemaji wa Kiswahili anaielewa. Hoja yangu ni kwamba Maes ndiye aliyeikaribia zaidi maana hiyo, na kwamba nyumba zilizofuata ziliacha sehemu ileile ya kazi yake iliyostahili kubaki.

Wakala tunayemjua

Neno wakala lina asili ya Kiarabu. Mzizi wake ndio uliotupa pia wakili, na tawakali, yaani kumwachia Mungu jambo kwa imani. Maneno yote matatu yanahusu kumkabidhi mwingine jambo lako. Leo, hata hivyo, msemaji wa Kiswahili katika Afrika Mashariki akisikia neno wakala humfikiria kwanza mtu wa kibandani anayetoa na kupokea pesa za simu.

Tumtazame kwa makini. Nikienda kutoa shilingi elfu hamsini hapa Kampala, namtajia kiasi na namba yangu. Anaandika katika daftari. Ombi linakuja kwenye simu yangu, nami ndiye ninayebonyeza namba ya siri. Nisipobonyeza, hakuna pesa itakayotoka. Mwishoni napata ujumbe unaotaja kiasi kilichotoka, makato na salio. Kwa hiyo wakala huyu ametimiza mambo matatu. Ametumwa na mimi, ameniuliza kabla jambo halijakamilika, na hesabu imetolewa.

Kuna jambo la nne ambalo hatulisemi kwa sababu linaonekana. Kibanda kimepakwa rangi ya kampuni ya simu, njano au nyekundu. Mama aliyekaa ndani ananihudumia mimi, lakini kamisheni yake inatoka kwa kampuni. Ukweli ni kwamba yeye ni wakala wa kampuni, si wangu. Hilo halinikasirishi, maana rangi ile imeniambia tangu nikiwa ng'ambo ya barabara.

Kutumwa, kuuliza, kutoa hesabu, na kuonyesha rangi ya aliyekuajiri: hivyo ndivyo vipimo vyangu vinne.

Saa ya Sal

Weiser alikuwa mtafiti katika kituo cha Xerox PARC huko California, na makala yake ilitoka katika jarida la Scientific American mwezi Septemba 1991. Dai lake kuu ni kwamba teknolojia iliyokomaa hutoweka machoni. Tunaitumia bila kuifikiria, kama tunavyolisoma bango la barabarani bila kukumbuka kwamba tunasoma. Ili kuonyesha maisha ya namna hiyo, anambuni mwanamke aitwaye Sal. Sal anaamka na kusikia harufu ya kahawa. Dakika chache kabla ya hapo, saa yake ilimhisi akijigeuzageuza kitandani kama mtu anayekaribia kuamka, ikamuuliza kwa sauti ya chini kama anataka kahawa, naye akaitikia ndiyo. Weiser anaongeza kwamba ndiyo na hapana ndiyo maneno pekee ambayo saa hiyo inayafahamu.

Msomaji anaweza kuipita sehemu hiyo akitabasamu. Mimi naiona kuwa sehemu yenye busara kuliko zote katika makala ile. Saa inajua machache sana, lakini imejua jambo kubwa, kwamba kuhisi si sawa na kuruhusiwa. Mtu anayejigeuza kitandani anaweza kutaka kahawa, anaweza kutaka maji, anaweza kuwa na homa. Saa imeliona tendo, ikakisia haja, kisha ikauliza. Huo ndio mwenendo wa wakala.

Muda mfupi tu baadaye adabu hiyo inapotea. Sal anatazama madirisha yake, na katika baadhi yao anaona alama za kielektroniki za majirani waliopita mtaani asubuhi hiyo. Weiser anatueleza kwamba taratibu za faragha zinazuia picha za video kuonyeshwa, na kwamba alama hizo zinamfanya Sal ajisikie yuko nyumbani katika mtaa wake. Nakubali kwamba Sal anajisikia vizuri. Je, majirani? Hatusikii sauti ya hata mmoja wao. Saa ilimuuliza Sal kuhusu kikombe cha kahawa, lakini hatuonyeshwi aliyewauliza wapita njia kuhusu nyayo zao.

Kwa kumtendea haki, Weiser mwenyewe hakuipenda sitiari ya wakala, na aliikosoa katika maandishi yake ya baadaye. Hakutaka mashine inayojifanya mtu; alitaka zana inayosahaulika mkononi kama miwani usoni. Hapo ndipo ninapotofautiana naye. Miwani haiamui nione nini. Mashine inayoamua taa ipi iwake na jirani yupi aonekane haifai kusahaulika, kwa sababu kitu kilichotoweka hakina wa kukiuliza.

Vizingiti viwili vya Maes

Pattie Maes wa MIT alichapisha makala yake katika jarida la Communications of the ACM mwezi Julai 1994. Hakuandika kuhusu nyumba. Aliandika kuhusu mawakala wa kupanga barua pepe, kuratibu mikutano, kuchagua habari na kupendekeza muziki. Hata hivyo, kwa maoni yangu makala yake ndiyo inayotufundisha zaidi jinsi nyumba inavyopaswa kutenda.

Maes anasema wakala anajifunza kwa njia nne. Anamtazama mtumiaji na kumwiga. Anapokea sifa na lawama kutoka kwake. Anafundishwa waziwazi kwa mifano. Na anawauliza mawakala wa watu wengine. Anakiri kwamba kuna matatizo mawili ya msingi: wakala atapataje ujuzi, na mtumiaji atamwaminije. Msomaji atakumbuka mzizi wa tawakali. Bila imani hakuna uwakala.

Jibu lake kwa tatizo la imani ni rahisi na zuri. Kila wakala anapokisia jambo, anapima pia ana hakika kiasi gani. Mtumiaji anaweka vizingiti viwili. Hakika ikivuka kizingiti cha chini, wakala anapendekeza na kungoja ajibiwe. Ikivuka kizingiti cha juu, anatenda mwenyewe, lakini anaandika ripoti ya alichotenda, ambayo mtumiaji anaweza kuidai wakati wowote. Kuna kuuliza humo, na kuna hesabu. Tena anayepandisha na kushusha vizingiti ni mtumiaji, si aliyeunda programu. Ni daftari la kibandani na namba ya siri, vimeandikwa kwa lugha ya maabara.

Ben Shneiderman wa Chuo Kikuu cha Maryland hakuridhika. Mwaka 1997 alijadiliana na Maes hadharani. Msimamo wake ulikuwa kwamba mtu anapaswa kuishika mashine mwenyewe, aone anachokifanya na aweze kutabiri matokeo yake, badala ya kukabidhi mambo kwa programu inayokisia. Ninauheshimu msimamo huo kwa sababu unatukumbusha swali la lawama: mambo yakiharibika, nani amekosa? Lakini ukiufuata hadi mwisho, hakuna atakayemtuma mwingine popote. Watu wametumana tangu zamani, na jamii imeweka taratibu za kutumana. Ninachodai ni taratibu hizo ziingie na kwenye mashine.

Nyumba ya Mozer

Wazo la tatu halikubaki kwenye karatasi. Michael Mozer, profesa wa Chuo Kikuu cha Colorado, aliligeuza jengo la zamani la shule karibu na mji wa Boulder kuwa nyumba inayojiendesha, naye akaishi humo. Aliweka vihisi takriban 75 vya kupima joto, mwanga, sauti, mwendo wa watu, na hali ya milango na madirisha. Kulikuwa na makundi 22 ya taa, kila moja likiwa na viwango 16 vya mwanga. Mtandao wa neva wa kompyuta ulijifunza kutabiri mkaaji ataingia chumba gani na lini, na ukaamua kuhusu taa, joto na maji ya moto.

Kazi hii inastahili sifa. Mozer hakutaka mkaaji ajaze fomu ya mapendeleo wala kubonyeza vitufe vipya. Swichi zilibaki swichi. Mtu akiwasha taa kama kawaida, nyumba inajifunza. Tena hakujali raha peke yake. Aliipa nyumba malengo mawili, kumridhisha mkaaji na kuokoa nishati. Na zaidi ya yote, aliyetengeneza nyumba ndiye aliyelala ndani yake. Kosa likitokea usiku wa baridi, mguu wa mtafiti ndio uliokuwa unahisi.

Tatizo langu liko kwenye jinsi nyumba hiyo inavyohesabu. Ili kulinganisha raha na nishati, vyote viwili viligeuzwa kuwa dola. Kuna gharama ya umeme na gesi, na kuna gharama ya mkaaji kutoridhika. Nyumba inatambuaje kuhusu taa kwamba mkaaji hajaridhika? Kwa kuwa ameinuka na kubadili mwanga mwenyewe. Asipogusa swichi, inachukuliwa kwamba yuko sawa.

Waswahili husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mgonjwa hainuki kwenda kwenye swichi. Mgeni haigusi swichi ya mwenyeji wake. Mkwe aliyekuja kusalimia atakaa gizani mpaka mtu amwonee huruma. Mtoto hafiki swichi ilipo. Wote hao, kwa hesabu ya nyumba, wameridhika. Kumbe katika nyumba zetu, na naamini katika nyumba za kwingineko pia, kunyamaza kuna maana nyingi: heshima, uchovu, woga, kukata tamaa. Kuridhika ni maana mojawapo tu. Saa ya Sal ilijua maneno mawili lakini iliyatumia. Nyumba ya Mozer inajua mambo mengi kuliko saa, na bado haiulizi.

Mozer alikiri jambo jingine linalonivutia: kujirekebisha hakukuwa kwa upande mmoja. Nyumba ilipomzoea mkaaji, mkaaji naye aliizoea nyumba. Ni jambo la kawaida katika kuishi pamoja, lakini lina uzito wake hapa. Kama mimi nabadilika ili nitabirike, na nyumba inahesabu kutabirika kwangu kuwa mafanikio yake, basi ni vigumu kujua nani anamtumikia nani.

Chumba chenye watu wanne

Kuna dhana moja inayozipitia kazi hizi bila kujadiliwa vya kutosha. Sal ameamka peke yake. Barua pepe ina mwenyewe. Nyumba ya Mozer ilihisi kwamba kuna mtu chumbani, na ikahudumia chumba. Huduma ya kumfaa mtu binafsi inadhani kwamba mtu huyo yuko peke yake, au kwamba waliomo wote wanataka kitu kimoja.

Chumba changu cha hosteli kina watu wanne, taa moja na swichi moja. Mwenzangu mmoja anasomea uuguzi na hulala mapema kwa sababu huamkia wodini. Mwingine husoma usiku wa manane. Wa tatu husali alfajiri. Tungemleta wakala yeyote kati ya hao, angejifunza nini? Angeona taa inawaka saa sita usiku, angeona inazimwa dakika kumi baadaye, kisha inawashwa tena. Angekata shauri kwamba mkaaji wa chumba hiki ni mtu mmoja asiyejua anachokitaka.

Kwa kweli sisi tunajua tunachokitaka. Mwanzoni mwa muhula tulikaa vitandani tukapatana: taa kubwa inazimwa saa tano, anayesoma anatumia taa ya simu na kugeukia ukutani, wiki ya mitihani kila mtu avumilie. Mapatano hayo hayaonekani kwenye swichi. Yamo katika maneno tuliyosemezana, na katika deni dogo la fadhila ambalo kila mmoja anamdai mwenzake. Programu inayojifunza kwa kutazama vidole tu italikosa jambo lenyewe. Tena inaweza kuliharibu, kwa kuwa atakayegusa swichi mara nyingi zaidi ndiye atakayeonekana kuwa na haja kubwa zaidi. Mwenye aibu atashindwa kila siku.

Rangi ya kibanda

Katika kazi nilizozitaja, mwenye programu na mwenye nyumba hawako mbali. Mambo yalibadilika nyumba janja zilipoingia sokoni. Mwaka 2011 kampuni ya Nest ya Marekani ilitoa themostati inayojifunza. Mtu anaizungusha kwa siku kadhaa kupandisha na kushusha joto, kisha yenyewe inatunga ratiba. Ni mtoto wa wazo la Mozer. Mwezi Januari 2014 Google ilitangaza kwamba inainunua Nest kwa dola bilioni 3.2.

Sidai kwamba kununuliwa kwa kampuni ni kosa. Ninachouliza ni cha mhakiki wa neno. Kifaa kilichowekwa ukutani jana kikiwa cha kampuni moja, leo kiko chini ya nyingine, na ukuta ni uleule. Kinajua lini nyumba ina watu na lini haina. Rangi ya kibanda iko wapi? Mama wa pesa za simu akihama kampuni, atapaka kibanda upya na mtaa mzima utaona. Programu ya ukutani hubadili bosi bila hata kubadili sauti.

Kiswahili kilinionya hapa kwa njia ambayo sikuitarajia. Nilitafuta kitenzi cha kueleza kuifanya huduma imfae mtu binafsi. Kinachokuja mdomoni kwanza ni "kubinafsisha". Lakini kitenzi hicho tayari kina kazi yake: kuuza mali ya umma kwa watu au kampuni binafsi. Nililiacha neno, ila sikuisahau maana yake. Kila huduma inayonizoea inajengwa kwa kumbukumbu za maisha yangu, na kumbukumbu hizo zikishakusanywa huwa mali ya mtu. Ni vyema tujue ni ya nani kabla hatujafurahia kwamba nyumba inatujua kwa jina.

Pingamizi

Najua nitakavyojibiwa. Mwenzangu wa sayansi ya kompyuta aliyesoma rasimu ya makala hii aliniambia: "Sasa unataka nyumba ibishe hodi kila inapotaka kuwasha taa? Utaichoka kabla ya saa nne asubuhi." Ana haki. Mtumishi anayeuliza kila kitu ni mzigo kuliko kazi yenyewe. Kwa mzee asiyeona vizuri au mtu mwenye ulemavu, taa inayowaka yenyewe inaweza kumwepusha na kuanguka, wala hapo si mahali pa mahojiano.

Lakini pingamizi hili Maes alilijibu mwaka 1994. Hakuna aliyesema kuuliza kuwe kwa daima na kwa kila jambo. Mtu mpya nyumbani huanza kwa kuuliza chumvi iko wapi. Baada ya mwezi hupika bila kuuliza. Lakini hata akikaa miaka kumi hauzi mbuzi bila idhini. Mamlaka hutolewa kidogo kidogo, jambo kwa jambo, nayo yanaweza kurudishwa. Taa ya ukumbini iwake yenyewe. Mlango wa nje, dawa za mgonjwa, na habari za nani aliingia saa ngapi, hayo yaulizwe. Na kwa yote, yaliyoulizwa na yasiyoulizwa, jioni iwepo hesabu inayosomeka na watu wote wa nyumba hiyo, si yule tu mwenye namba ya siri.

Hitimisho

Nimepima kazi tatu kwa neno moja. Weiser alitupa saa inayouliza, kisha akaitukuza teknolojia inayotoweka. Mozer alitupa nyumba inayojifunza kwa uaminifu mkubwa, lakini ikakichukulia kimya kuwa ridhaa. Maes alitupa wakala anayeuliza na kutoa ripoti, lakini kwa mtu mmoja mezani pake, si kwa chumba chenye watu wanne. Soko lilichukua kujifunza, na likasahau kupaka kibanda rangi.

Je, tubadilishe tafsiri yetu? Kwa muda nilifikiri hivyo. Sasa naona tuibakize, kwa sababu neno wakala lina madai ndani yake ambayo wahandisi wanaweza kudaiwa nayo. Siku mtu atakapotuletea kifaa na kutuambia ni wakala wetu, sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna haki ya kumuuliza kama mtu yeyote anavyouliza kibandani: ametumwa na nani, ataniuliza lini, daftari lake liko wapi, na kamisheni anapewa na nani. Akiyajibu, tumwite wakala na tumpe ngeli ya watu. Asipoyajibu, tuseme ni mtambo unaozima taa, na tubaki na swichi yetu.